Nyumba Namba Tatu ya Pombe Halisi

"Mwongozo wa Muda wa Kuwapokea, Kuwaburudisha na Kuwatenganisha Mashabiki Wageni wa Kombe la Mkungu, Toleo la Pili (Lililorekebishwa)." Hilo ndilo jina kamili la karatasi iliyobandikwa kwa uji wa muhogo kwenye mlango wa Felisiani pale Bugene: kurasa kumi na moja, mihuri mitatu, na Kiambatisho C chenye orodha ya nyumba zitoazo pombe halisi ya asili. Nyumba ya Felisiani ilikuwa namba tatu. Chini ya ukuta wake lipo benchi la mkaratusi lenye miguu mitatu na tofali moja, na kwenye ncha ya benchi ndipo Vero, jirani wa nyuma ya nyumba, anapoweka jiko la mkaa na birika lake la kahawa. Hapo hukaa Kashaija, aitwaye Refa kwa sababu hutembea na filimbi ambayo hajawahi kuipuliza katika mechi yoyote, ila huipuliza katika mabishano. Hukaa pia Ambrose, Wakili Msomi, aliyefagia mahakama ya mwanzo kwa miaka ishirini na mbili akastaafu na msamiati wote. Felisiani, mwenye nyumba na mwenye rubisi, ile pombe ya ndizi, hukaa upande wa mlango, panga lake likiwa chini ya benchi, mahali pake pa siku zote. Jumamosi hiyo ilikuwa saa nane mchana, mechi ni saa kumi, na mashabiki mia mbili kutoka Nyakatuntu, waliotakiwa kuwasili saa sita kwa mujibu wa Ibara ya Nne, hakuwa ameonekana hata mmoja.

— Ibara ya Saba, alisoma Wakili, kidole kikitambaa mlangoni. "Shabiki mgeni atakunywa katika nyumba iliyoorodheshwa tu, na shabiki mwenyeji hataonekana ndani ya hatua hamsini za nyumba hiyo."

— Sisi tuko hatua ngapi? aliuliza Refa.

— Sifuri.

— Basi tunavunja sheria.

— Hatuvunji. Sheria inasema "hataonekana". Kosa ni la anayetuona.

Refa akapuliza filimbi kukubali hoja. Vero akamimina kahawa.

— Mimi ninachojua, Refa akasema, huo mwongozo ni mbinu ya uwanjani. Kwa nini wageni wapewe pombe halisi na sisi tuambiwe tukae mbali? Fikiri. Rubisi ya Ta Felisiani ina usingizi ndani. Mpiga ngoma wao akinywa kibuyu kimoja, kipindi cha pili kimya kama misa ya maiti. Timu bila ngoma ni watu kumi na moja waliopotea njia.

— Unawaza kimichezo, Wakili akamwambia. Waza kiserikali. Neno zito pale ni "halisi". Ukishaandika kwamba hii ni halisi, maana yake ipo isiyo halisi. Na isiyo halisi lazima iundiwe kamati.

— Kamati si ilishakuja?

— Ilikuja mwezi uliopita, akadakia Vero. Siku tatu. Mpaka mtungi ukabaki na mbu.

Wakacheka wote isipokuwa Felisiani, ambaye kwa kawaida ndiye angecheka wa kwanza. Kweli kamati ilikuja. Toleo la Kwanza la mwongozo lilikuwa limepanga mechi mwezi uliopita, na kila nyumba ikatakiwa kuwa na lita mia nne. Shamba la Felisiani lisingetosha, kwa hiyo majirani wakachangia ndizi zao za pombe: Vero, Refa na Wakili. Lakini rubisi ina masharti yake, na Felisiani aliyarithi kwa baba yake. Mwenye mtungi ndiye achague mkungu, aubonyeze kwa kidole gumba, na aukate kwa mkono wake mwenyewe. Mkungu uliokatwa na mwingine hautii ukiingia kwenye mtumbwi wa kukamulia. Basi akapita shamba kwa shamba akikata. Ndizi zikaivishwa, zikakamuliwa kwa miguu na nyasi katika mtumbwi wa mti, zikachanganywa na mtama uliokaangwa, zikafunikwa, zikachacha vizuri. Siku ya mechi ikaletwa barua kwamba mwenyekiti yuko semina na mechi imesogezwa mbele. Rubisi haijui kusogezwa mbele. Kamati ikaja kufanya "ukaguzi wa ubora", ikakagua mpaka ubora wenyewe ukaisha. Kisha likatoka Toleo la Pili, na Felisiani akapita tena shamba kwa shamba, akikata upya.

— Hebu nyie wasomi mniambie kitu, Vero akasema, akikaa juu ya kindoo chake. Ule mgomba wangu wa karibu na banda la mbuzi majani yamelegea. Yamelala chini kama mwavuli uliovunjika. Mkungu wake umeiva nusu, nusu kijani. Nimepasua ndizi, ndani kahawia.

Felisiani akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

— Jua, Refa akatoa hukumu.

— Jua gani, Refa? Mvua imenyesha juzi.

— Basi ni mnara wa simu, akasema Wakili. Ule mpya. Mawimbi yanapita juu ya mgomba mrefu kwanza. Mahindi hayaguswi, umeona? Kwa sababu ni mafupi.

— Na mti wa parachichi? Si mrefu kuliko mgomba?

— Parachichi lina mafuta. Mawimbi yanateleza.

Refa akapuliza filimbi kwa nguvu hadi kuku wakatawanyika.

— Acheni mnara! Ni hujuma. Ni Nyakatuntu hao. Wamesikia Bugene kuna pombe halisi, wametuma mtu na dawa ili Nyumba Namba Tatu ikauke, watu wao wapelekwe Namba Mbili, ambako pombe ni nyepesi na ngoma haitalala. Ndiyo maana hawajafika. Wanasubiri migomba ife kwanza.

— Wasubiri migomba ife ndio waje mpirani?

— Timu ya kweli ina mipango ya muda mrefu, Ma Vero.

Vero hakucheka. — Wa pili umelegea jana, akasema. Wa tatu leo asubuhi. Nyie mnachekea shamba langu, na mimi hilo ndilo nililo nalo. Binti yangu Adela yuko kidato cha tatu kwa migomba ile.

Refa akaizungusha filimbi kwenye kidole.

— Kusema ukweli, hata kwangu upo mmoja. Nilidhani ni upepo.

— Kwangu miwili, akasema Wakili, kwa sauti isiyokuwa ya mahakamani. Sikutaka kusema. Mngedhani nimerogwa.

Wakatazamana. Halafu Wakili akajaribu mzaha.

— Basi nina nadharia. Huo ugonjwa umesoma mwongozo. Umechukua orodha ya waliochangia ndizi, ukapita nyumba kwa nyumba na kalamu. Kwa Vero, tiki. Kwa Refa, tiki. Kwa Wakili, tiki. Ugonjwa wenye nidhamu kuliko kamati!

Hapo Refa akacheka mpaka akamwaga kahawa. Hata Vero akatabasamu. Felisiani akalisukuma panga ndani zaidi chini ya benchi, maana katika nadharia zote za mchana ule, hiyo ya kipuuzi kuliko zote ndiyo ilikuwa imepiga hodi mlangoni.

Alikuwa ameona. Siku ya kwanza kabisa ya kukata, mwezi uliopita, shambani kwake, mgomba wa kwenye mpaka. Panga lilipopita, jeraha likatoa uji wa njano, mzito kama usaha. Redio ilishasema kuhusu uji huo. Ilisema ukiuona, acha kukata, choma panga motoni au lioshe kwa dawa ya madoa, ng'oa mgomba, fukia, waambie majirani. Felisiani alisimama na panga mkononi kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Akafikiri juu ya Ibara ya Tisa: "Nyumba itakayobainika kuwa na ugonjwa wa aina yoyote itaondolewa orodhani." Pengine waliandika wakiwaza homa ya matumbo. Lakini maneno yalisema wa aina yoyote. Na jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye karatasi yenye muhuri maisha yake yote, isipokuwa cheti cha ubatizo, ambacho panya walikila. Akajiambia ni utomvu tu. Akalifuta panga kwenye nyasi, akaenda kwa Vero.

— Ta Felisiani, Vero alikuwa anasema, uko wapi wewe? Nimekuomba mara mbili. Niazime panga nikakate ile mitatu kabla haijaangukia mbuzi.

Ilikuwa nafasi yake. Maneno yalikuwa machache: usikate, choma kwanza. Hata mtoto angeyasema. Felisiani akatazama mlango, akaiona namba tatu, akaona mtungi ndani umejaa na watu mia mbili wako njiani.

— Chukua, Ma Vero, akasema, akalisukuma kwa kisigino kutoka chini ya benchi.

Vero akalibeba, akapotelea nyuma ya nyumba. Wakasikia panga likiingia kwenye mgomba, sauti laini ya kitu chenye maji. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Halafu, kwa kuwa Vero ni mtu wa kufanya usafi akishaanza, likaendelea kukata majani makavu ya migomba mingine yote. Felisiani alihesabu mpaka kumi na tisa, akaacha.

Kabla Vero hajarudi ikaja bodaboda kutoka upande wa Kayanga, ikasimama. Akashuka mtu mmoja, umri wa miaka thelathini hivi, jezi ya kijani imepauka, buti za shambani miguuni.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba. Wewe ni nani? Refa akauliza.

— Naitwa Yustus. Mimi ndiye mashabiki wageni.

Wakasubiri amalizie.

— Wote? akasema Wakili. Mwongozo unasema mia mbili.

— Wachezaji wamepitiliza kiwanjani. Mashabiki wamebaki, wanang'oa.

— Wanang'oa nini?

— Migomba, mzee. Kule kwetu tumekuwa na mwaka mbaya. Mimi nimemaliza yangu Alhamisi, ndiyo nikapata nafasi ya kuja.

Felisiani akainuka, akaingia ndani, akarudi na kibuyu. Sheria za mwongozo zilidai mgeni asaini daftari kabla ya kunywa. Wakili, kwa mara ya kwanza maishani, alisahau sheria. Yustus akapokea kwa mikono miwili, akanywa, akafumba macho, akakaa hivyo kidogo.

— Waitu, ndugu zangu, akasema. Hii ni yenyewe. Marehemu baba alikuwa na mtumbwi wa kukamulia, mrefu kama kitanda. Sasa tumewapa wafugaji, wananyweshea ng'ombe.

Akanywa tena, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mwisho ya mtu.

Ndipo Vero akatokea pembeni ya nyumba, jasho usoni, mkono mmoja kipande cha shina la mgomba, mkono mwingine panga.

— Karibu mgeni. Jamani, hebu oneni. Huu ni mnara kweli huu?

Kile kipande kilikuwa kinavuja. Uji wa njano ulishuka mpaka kwenye vidole vyake, na panga lilikuwa limepakwa uji huohuo mpaka mpinini. Yustus akaweka kibuyu chini kwa uangalifu. Akamwendea, akachukua kipande, akakibonyeza kwa kidole gumba, vilevile kama Felisiani abonyezavyo mkungu.

— Unyanjano, akasema. Mnyauko wa migomba.

— Si jua? Vero akauliza.

— Si jua, mama.

— Dawa yake?

— Haina dawa. Ukiwahi, unaokoa iliyobaki. Hautembei wenyewe upesi hivyo, unabebwa.

Akatazama panga mkononi mwa Vero. Hakulaumu, hata sauti hakuipandisha. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

— Panga hili limepita wapi?

Refa akamtazama Wakili. Vero akalitazama panga, kisha, taratibu, akainua macho akamtazama mwenye panga. Felisiani alikuwa anatazama mlango wake. Kona ya karatasi ilikuwa imebanduka, na Ibara ya Tisa ilikuwa inapepea. Birika lilikuwa limekauka juu ya jiko, likaanza kunuka chuma, na hakuna aliyeliondoa.

Wiki mbili baadaye kamati ilitoa taarifa ya ukurasa mmoja. Ilisema zoezi lilifanyika kwa mafanikio, mashabiki wageni walipokelewa, waliburudishwa na kutenganishwa, na changamoto pekee ilikuwa upungufu wa vibuyu.

Kilichotokea ni hiki. Mechi iliisha bila bao. Kabla mwaka haujaisha, Vero aling'oa migomba yake yote, Refa yote, Wakili yote, na Felisiani akawa wa mwisho kung'oa yake. Adela hakuingia kidato cha nne. Panga lilikuwa limepita kwa wote wanne, mara mbili.