Mdogo Wangu wa Kumzaa

Fundi saa hakuwa mtu wa umbea, ila siku hiyo basi halikuwa na muziki, na wanawake wawili waliokaa mbele yake walikuwa wanazungumza. Mmoja, mtu mzima, alikuwa na kapu la vitunguu. Mwenzake alikumbatia bahasha, na mtoto wa kike amemlalia mapajani.

“Ubalozini wamemnyima huyu viza,” alisema mwenye bahasha. “Nataka nikakae naye kule ninakofanya kazi. Nimeandika ni mwanangu, cheti cha kuzaliwa kinasema ni mdogo wangu.”

“Kwani ni nani wako?”

Alimchungulia mtoto kwanza. “Nimemzaa mimi, nikiwa shuleni. Mama akamwandikisha kama wake, watu wasiseme.”

“Na hawakusema?”

“Walisema, mama. Walisema mama yangu kazaa uzeeni.”

Mwenye kapu alitaka kucheka, akajikohoza. Fundi saa akageukia dirishani, uso ukimchoma kana kwamba cheti ni chake.

“Si uombe waliangalie ombi lako upya? Mama yako aape mahakamani, aseme ukweli.”

“Nimsimamishe mbele ya hakimu akiri alidanganya kwa ajili yangu? Na huyu naye ajulie hapo?”

“Kumbe hajui?”

Basi likasimama. Mtoto akainuka, akajifuta mdomo. “Dada, tumefika?”

Mwenye kapu hakushuka. Fundi saa, ambaye kituo chake kilikuwa hapo, naye hakushuka.

“Tumefika, mdogo wangu,” alijibu mwenye bahasha, akapita kando yao bila kumtazama mtu.