Picha Aliyoikata Nahashon

Tunayemsindikiza leo, Nahashon Muthengi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 hapa Mutomo, Kitui, mtoto wa pili wa mzee Jeremiah Muthengi na mama Edith. Alisoma shule ya msingi papa hapa, akamaliza mwaka wa 2002, kisha akajifunza useremala Machakos. Mamake husema ndiye aliyekuwa akipasulia wenzake muwa, kwa sababu vipande vyake havikuzua ugomvi.

Mwaka wa 2015 alikwenda Doha, Qatar, akaajiriwa na duka la kutengeneza fremu za picha. Alimwoa Mumbua tarehe 8 Desemba 2018. Mwana wao, Marvin, alizaliwa 2020, na miaka miwili baadaye mama na mtoto wakamfuata, wakaishi Al Wukair.

Maneno yamefika hapa kijijini kabla ya jeneza, kwa hivyo afadhali yasemwe. Inasemekana Nahashon aliiba picha kazini. Wa kwanza kumshuku alikuwa mkewe.

Jioni moja mwaka wa 2023 alirudi na karatasi ameifunga kwa taulo. Ilikuwa picha ya Kijapani, ya zile zinazochongwa kwenye ubao, ubao ukapakwa rangi na kugandamizwa kwenye karatasi. Samurai wawili walikuwa vitani, mmoja juu ya farasi, mwingine chini yake ameinua upanga, mishale imemjaa mgongoni kama miiba ya nungunungu.

“Umeitoa wapi, Baba Marvin?”

“Nimepewa.”

“Na nani?”

“Kazini. Pakua chakula, mama.”

Mtu aliyepewa kitu hukitundika. Yeye aliificha nyuma ya kabati, uso ukiangalia ukuta. Mumbua akaanza kusikiliza viatu kwenye ngazi. Gari likisimama nje aliwaza ni polisi, aliwaza Marvin akikua huku babake yuko jela ya ugenini. Akamnong'oneza jirani, Pamela. Hapo ndipo neno lilipotoka nyumbani.

Mwishowe, mumewe akiwa Lusail kumtundikia mteja picha, Mumbua alimshika mtoto mkono akaibeba ile karatasi hadi dukani, airudishe kimyakimya. Mhudumu mmoja Mganda, Shamira, aliifungua juu ya meza akacheka.

“Dada, unatafuta mwizi ama mume?”

“Niambie tu ni ya nani.”

“Ni ya huyo huyo wako. Aliikata ukingo ndiyo itoshee fremu. Kumbe ukingo ndio uliokuwa na muhuri wa mchapaji. Mwenye nayo akaikataa, duka likamtafutia nyingine. Bosi akamwambia Nahashon, hii peleka kwako, nisiione tena.”

Yaani alikuwa ameficha aibu, si mali.

Jioni hiyo Mumbua alipakua chakula. “Nimetoka kwa Shamira.”

Nahashon alitafuna kwanza. “Basi umejua umeolewa na fundi gani.”

“Nimejua. Lete nyundo.”

Picha ikatundikwa juu ya kitanda cha Marvin, ambaye alimwita yule wa farasi Anko. Lakini neno la wizi lilikuwa limekwisha kufika mbali, na la kutoiba halikuwa na wa kulibeba.

Novemba 2024 miguu ya Nahashon ilianza kuvimba, na madaktari wakasema ni figo. Wageni waliokuja kumjulia hali waliitazama picha kabla ya mgonjwa. Mmoja aliuliza, “Hii ndiyo ile?” Mwingine akasema wenye panga hao ndio wanaomla.

Siku moja hospitalini alimwuliza mkewe, “Ukifika nyumbani utawaambia?”

“Nitawaambia.”

“Hata ile ya kukata?”

“Nisipoitaja hiyo, nani ataniamini?”

Akakubali kwa kichwa. Alifariki tarehe 11 Februari 2025, asubuhi, Mumbua akiwa kando yake.

Ameacha mke, Mumbua, mwana, Marvin, wazazi wake, Jeremiah na Edith, na ndugu zake, Rodney na Michelle. Picha yenyewe imeegemezwa hapa karibu na jeneza. Mwenye shaka na asogee, aangalie ukingo wa kushoto.

Nahashon apumzike, na jina lake nalo liachwe lipumzike.