Miguu Iliyooshwa Kabla ya Ibada

Mgeni rasmi, Baba Dekano,
Baba Paroko,
Ndugu zetu wabeba mizigo na wasukuma mikokoteni wa Kariakoo,
Tumsifu Yesu Kristo.

MAKARIBISHO

Karibu sana, Baba, chini ya turubai letu. Viti ni vya kuazima, na kelele za mtaa hatuna mamlaka nazo. Lakini furaha uliyoikuta hapa ni yetu wenyewe, na tutakueleza sababu yake bila kuficha aibu iliyoitangulia.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilianza kwa sufuria ya uji, unaopikwa kila Jumamosi kwa ajili ya watu wanaoshusha mizigo. Mwenyekiti wetu ni Mzee Basil, fundi cherehani mstaafu wa Msimbazi, mtu asiyevumilia shati lisilopigwa pasi. Chini yake hakijawahi kutoka kikombe chenye doa. Tulimsifu kwa hilo, naye alijua kwamba tunamsifu.

KOSA LETU

Mwaka jana Baba Paroko alitutaka tulete wanaume kumi na wawili kutoka sokoni, awaoshe miguu katika ibada ya Alhamisi Kuu. Mzee Basil alifurahi, kisha akaingiwa na hofu. Akilini aliliona kanisa limejaa, padre amepiga magoti, na mguu wenye tope na nyufa umewekwa juu ya zulia jeupe. Alasiri ya Alhamisi ile akawapanga wageni wetu kwenye bomba nyuma ya kanisa, akawagawia sabuni, brashi na jiwe la kusugulia. Sisi tukamwaga maji.

Mama Hyasinta, mhazini wetu, akamuuliza, "Sasa Mzee, Padre ataosha nini?"

"Ibada ina heshima yake, Mama."

"Basi tuwatie na manukato kabisa, wanukie kama maharusi!"

Tukacheka, tukaendelea kusugua.

Ikafika zamu ya Goodluck, msukuma mkokoteni mwenyeji wa Ndanda. Alipovua ndala tukaona kidonda kibichi kwenye unyayo. Alikuwa amekanyaga msumari. Mzee Basil akasema, "Huyu hapana. Padre atashika nini hapo?" Nafasi akapewa mwanakwaya.

Goodluck akaokota ndala zake. "Haya, baba. Kikipona nitakuja."

Hatukumfuata. Tulikuwa tunawahi ibada.

Baada ya Pasaka uji ukaanza kubaki. "Uji wenu mtamu, wazee, ila sisi miguu yetu michafu!" walitutupia maneno wakipita na mikokoteni. Mzee Basil alidhani ni utani, mpaka mmoja wao aliposimama. "Goodluck amelala stoo," akasema. "Mguu umevimba kama gogo. Tukimwambia aende hospitali anaona aibu. Anasema hata kanisani walikikataa kidonda chake."

Mzee Basil aliuacha upawa ndani ya sufuria, akaondoka. Tukamfuata. Goodluck alipomwona, alivuta gunia afunike mguu.

"Shikamoo, baba. Usisogee, kinanuka."

"Marahaba. Nimekuja kwa hicho hicho."

Akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya pasi. Akafungua mfuko wa nailoni uliofunga kidonda, akauosha mguu ule kwa maji ya chupa, taratibu, mpaka alipomaliza. Ndipo akasema, "Nisamehe, mwanangu. Niliona zulia, sikukuona wewe."

Bajaji ikawapeleka hospitali, Upanga. Daktari akatuambia tusali, maana huenda mguu ukakatwa.

MAFANIKIO

Baba Dekano, mguu haukukatwa! Goodluck yuko hapa, safu ya mbele, amevaa ndala zote mbili. Ukisikia vigelegele usishangae. Tulivibana kwa miezi mingi.

Muuguzi aliyemhudumia alitufundisha kusafisha vidonda na kutambua vile vinavyohitaji daktari. Siku hizi uji unatanguliwa na beseni la maji ya uvuguvugu. Hatumuulizi mtu dini yake, tunamuuliza anaumwa wapi. Mzee Basil ndiye anayekaa kwenye kigoda, na miguu iko mikononi mwake.

CHANGAMOTO

Pamba na bandeji huisha mapema. Kiburi nacho hakijaisha: juzi tu tuligombania nani avae fulana mpya mbele yako. Tunaendelea kukumbushana.

MAOMBI

Tunaomba zahanati ya parokia itupokelee wagonjwa siku za Jumamosi.

Ombi letu kubwa ni hili. Alhamisi Kuu inakaribia, na tumeambiwa utaiongoza wewe. Imependekezwa kwamba safari hii waoshwe wajumbe wa halmashauri ya parokia, ili yasizuke maneno tena. Tunakuomba usikubali. Goodluck ameomba nafasi yake. Atatoka sokoni moja kwa moja, na kule bombani hatutamsimamisha mtu yeyote. Kovu lake bado ni laini, Baba. Tunaomba ulishike polepole.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako, na awalinde wote wanaobeba mizigo ya wenzao.

Ni sisi,
Kikundi cha Huduma cha Simoni Mkirene, Kariakoo