Dorota Kubíčková na Nyimbo Zake Mbili Zilizochukuliwa Praha

Mama yetu mpendwa, Dorota Kubíčková, alizaliwa tarehe 6 Februari 1829 hapa Lhotka, binti wa mfumaji nguo. Shule alisoma majira mawili tu ya baridi. Mwalimu alimchapa kwa kuimba Kicheki darasani badala ya Kijerumani, naye akazidi kuimba.

Alichambua manyoya ya bata bukini katika nyumba zenu nyote mliopo hapa. Mnamjua: akianza mzaha wake, mtu anaangua kicheko na manyoya ya jioni nzima yanaruka mpaka darini.

Mwaka 1853 aliolewa na baba, Vavřinec, mpiga zumari la mfuko. Mtoto wao wa kwanza, Anežka, alifariki akiwa mchanga, na mama akamtungia wimbo. Mwaka 1874 mtunzi mmoja wa muziki kutoka Praha aliusikia, akauandika, akaapa kwamba atamtaja mama. Simfoni yake ilipotoka, wimbo ulikuwemo. Jina la mama halikuwemo. Baba alipoupiga mjini, alizomewa: "Mzee, acha kuiba kazi za watu!" Hakuligusa tena zumari mpaka kufa kwake. Hilo hatujalisamehe.

Bwana yule, mkavu wa macho, alirudi.

"Mama Kubíčková, huna kingine cha huzuni?"

"Kipo, mwanangu. Kula kwanza andazi la plamu."

Akamwimbia polepole, huku akijifuta machozi, ule wimbo tunaoupigia masufuria chini ya dirisha la bahili aliyewanyima wageni bia harusini. Bwana akauweka katika simfoni yake ya pili, fidla zikilia. Ulipopigwa mara ya kwanza, wasichana wetu wanaotumika majumbani Praha walicheka hadi wakatolewa nje, na huko nje wakamweleza kila mtu maneno ya wimbo ule. Mpaka leo bwana yule akiingia mkahawani, watu wanagonga vikombe kama masufuria.

Mama aliugua mapafu tangu Krismasi, akafariki tarehe 11 Machi 1891. Kabla hajafa nilimwuliza kama amemsamehe bwana yule.

"Barbora, Mungu amsamehe, yeye ana nafasi. Mimi nimechoka."

Ameacha binti mmoja, mimi Barbora, na wajukuu watatu. Bwana yule ameleta shada la maua, na pale langoni aliposimama ameomba atajwe miongoni mwa wafiwa.

Jina lako, bwana, sitalitaja. Dorota Kubíčková apumzike kwa amani. Wewe usipumzike.