Polepole, Fundi wa Pampu na Chumba cha Mwisho

Ndugu, majirani na wenzetu wa karakana, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu, na mtuwie radhi sauti ikiwa kavu, maana tangu Jumanne tumekufa ganzi, hata kilio hakijatoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya mtaa huo, kisha chuo cha ufundi alikohitimu mwaka 1978, akiwa wa mwisho kutoka kwenye kila mtihani, ndipo wenzake wakambandika jina la Polepole, naye hakulikataa.

Mwaka uliofuata aliajiriwa hospitalini, kutunza mitambo inayopasha wodi joto kwa maji ya moto yanayosukumwa na pampu ndani ya mabomba, na zilipoletwa pampu zinazobadili kasi zenyewe, alikataa katakata kipimo cha presha ya maji kifungwe pale pale penye pampu, akataka kipelekwe wodi ya mbali kabisa, akisema anayepakua chakula asijipime kwa tumbo lake, amuulize aliyekaa mkiani. Mkuu wake alimwita mbishi, lakini kilifungwa huko, baridi ikiingia koki za mabomba ya wodi zinajifungua zenyewe na pampu inakaza mwendo, vyumba vikipata joto koki zinajifunga nayo inapunguza, na mabomba yakaacha kuwapigia wagonjwa miluzi.

Tarehe 14 Juni 1986 alifunga ndoa na karani wa maktaba, ambaye husema aliolewa na mtu anayepapasa kuta za wenyeji kabla ya kuwasalimia, wakajaliwa mabinti wawili, na nyumbani akafunga pampu ya namna ile ile, kipimo chake kikiwa chumba cha mwisho, cha mabinti.

Mwaka jana mapafu yalianza kumsumbua, akahamishiwa kitanda chumba hicho, akawa analalamika baridi, basi mkewe, kwa mapenzi tu, akaiweka pampu kwenye kasi ya juu moja kwa moja, mabomba yakapiga kelele, mgonjwa hakupata usingizi, na asubuhi akamsihi mama watoto airudishe ijiendeshe, asiiguse tena. Aliirudisha. Jumanne mchana marehemu akafariki, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, mkono wa baridi, na pampu haikusikika kabisa.

Tangu hapo shemeji yetu, mjane wa marehemu, alikuwa na swali moja tu, na chakula hakikupita: je, pampu ilikuwa imezima, akamwacha mumewe afe na baridi kwa kumtii?

Jana fundi aliyerithi kazi ya marehemu alishuka naye chumba cha chini ya nyumba ilipo pampu, akakishika kiganja cha shemeji akakiweka juu yake, ilikuwa ikitetemeka kidogo sana, akamweleza kwamba pampu hii ikizima haijiwashi mpaka mtu aibonyeze, na hakuna aliyeibonyeza, kwa hiyo Jumanne ilikuwa ikizunguka hivi hivi, polepole, kwa kuwa chumba cha mwisho kilikuwa kimeshapata joto lake, na ubaridi wa mkono, kama daktari alivyosema, ulikuwa wa ugonjwa. Shemeji alikaa pale kwenye ngazi, akaomba chai.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupokelea wageni, na mafundi wenzake waliobeba jeneza.

Pumzika kwa amani, baba watoto, na mama watoto ametuomba tulisome hili kwa sauti, mbele ya watu wote: chumba chako kilikuwa na joto.