Majibu Mia Moja Thelathini na Moja

Ijumaa hii, tarehe 30, mdodosaji mwandamizi wa idara yetu ya kura za maoni anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, mingi yake akibisha hodi kwenye milango ya watu. Nimeambiwa niandike mambo ya kufurahisha kwenye ukurasa huu wa kumuaga. Nitajaribu.

Aliajiriwa kama mpiga chapa, akaomba kazi ya nje kwa sababu kiti kilimuumiza mgongo. Mbwa mmoja alimng'ata mara mbili. Ya pili alikuwa amerudi kwa sababu mwenye nyumba hakumaliza kujibu swali la tisa. Jina la Mama Pembeni alilipata kwa kazi yake. Fomu zetu zina visanduku viwili, Ndiyo na Hapana, lakini yeye huandika pembeni kila neno mtu aliloongeza, na nafasi ikiisha anaizungusha karatasi.

Miaka minne iliyopita tulitumwa kuuliza kama wananchi wako tayari kukatwa kidogo kwenye mapato yao, wachangie mfuko mmoja wa maafa na nchi jirani. Fundi wa kuchomelea mageti alimwambia wamkate tu, mradi na majirani wakatwe, maana mto ni huohuo. Mama mmoja muuza mboga alisema, "Andika ndiyo, dada, ila wakizila hizo hela nitawafuata mpaka ofisini."

Ofisini, kila jibu lenye sharti lilihesabiwa Hapana. Ikatangazwa kwamba wananchi wamekataa, na mfuko ukazikwa. Mvua zilipokuja, mto ulibeba daraja letu na wodi ya wazazi ya wenzetu, na kila nchi ikahangaika kivyake. Hasira yangu haijapoa hadi leo.

Mama Pembeni aliingia kwa Mkurugenzi na fomu zake 212. Akajibiwa kwamba visanduku ni viwili tu, kisha akahamishiwa stoo kuhesabu bahasha. Mdodosaji bora tuliyewahi kuwa naye, miaka mitatu na bahasha! Ni aibu yetu sote.

Mwezi ujao Bunge linaujadili tena mfuko huo, na mezani ziko takwimu zilezile. Tulipomuuliza Mama Pembeni anataka zawadi gani, aliomba hesabu sahihi ichapishwe. Mkurugenzi akasema anunuliwe friji.

Basi hesabu ni hii: nyumba 58 zilikataa, 23 zilikubali moja kwa moja, na 131 zilikubali kwa masharti ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angeyaweka. Aliyezitia hizo 131 alama ya Hapana, moja baada ya nyingine, ni mimi. Niliambiwa, nikafanya, nikaenda kula chakula cha mchana.

Mama Pembeni, ahsante kwa kuwasikiliza watu mpaka mwisho wa sentensi. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wasumbufu. Nakala ya ukurasa huu nimeshawapelekea wabunge, na jina langu kamili liko chini yake.