Bi Sauti na Ukumbi Uliomnyang'anya Mume

Mama yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Sauti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika chumba cha uani nyuma ya duka la fundi cherehani, mtaa uleule wenye ukumbi wa maonyesho. Mama yake aliuza tiketi kwenye dirisha la ukumbi huo, na mtoto alilala kwenye kikapu miguuni pake. Ukumbi ulijengwa mwaka 1931 na mfanyabiashara wa ngozi aliyetaka mji uwe na roshani za kuchonga na pazia la mahameli. Vyote alivipata, akafa kabla ya onyesho la kwanza.

Marehemu alisoma shule ya mtaani hadi darasa la nane. Siku moja mwalimu mkuu alimkuta akimwigiza mbele ya darasa, mwendo, miwani na kikohozi. "Endelea, tuone mwisho wake," mwalimu akamwambia. Mama akaendelea hadi mwisho. Alichapwa, kisha mwalimu huyohuyo akamshika mkono hadi ukumbini. "Huyu ananiharibia darasa," alisema. "Mchukueni."

Tangu mwaka 1967 aliigiza wajane, malkia na wakwe wakorofi, na sauti yake ilifika viti vya nyuma kabisa bila kipaza sauti. Baba alikuwa seremala wa jukwaa. Alimtengenezea kiti cha kimalkia kikavunjika mguu katikati ya onyesho, na mama akaketi juu yake hadi mwisho akijishikilia kwa misuli ya mapaja, bila mtazamaji hata mmoja kugundua. Alipotoka akamkabili: "Wewe fundi, utanifidiaje?"

"Nikuoe."

"Hiyo ni fidia au adhabu?"

Walifunga ndoa tarehe 20 Aprili 1974, wakajaliwa watoto wawili.

Tarehe 9 Oktoba 1988, mama akiwa amesimama kando yake, baba alimwambia meneja wa ukumbi kwamba kamba inayoshikilia boriti juu ya jukwaa imeoza. Meneja akajibu, "Watu wameshaingia. Onyesho liko palepale." Boriti ilimwangukia baba nyuma ya pazia, ikamuua. Polisi walipokuja, meneja alisema fundi alikuwa amelewa. Baba yetu hata dawa ya kikohozi aliinusa kwanza kuhakikisha haina kileo kabla ya kuinywa. Alizikwa kama mlevi, na shuleni tukaitwa watoto wa mlevi. Ukumbi ukafungwa, ukageuzwa ghala la saruji.

Kamati ya ukarabati wa ukumbi ilipomfuata mama mwaka 2016 kumwomba msaada, sisi wanawe tulimkataza.

"Mama, jengo lile limemuua baba."

"Baba yenu hakuuawa na jengo," alisema. "Aliuawa na mtu. Nami nataka kumsema palepale."

Akaenda. Aliwaonyesha mafundi rangi ya kuta ilivyokuwa, alibisha hodi nyumba kwa nyumba kuomba msaada, picha yake ikabandikwa mji mzima. Sharti lake lilikuwa moja: siku ya ufunguzi aeleze jinsi mumewe alivyokufa. Mwenyekiti wa kamati alimwambia, "Bi Sauti, siku hiyo jukwaa ni lako."

Siku hiyo ilikuwa tarehe 6 Julai 2019. Mama alipofika mlangoni alikuta ukumbi umepewa jina la meneja yuleyule wa zamani. Meneja mwenyewe alikuwa safu ya mbele, mzee, masikio yamekufa kabisa. Mwenyekiti akamnong'oneza mama, "Tusiharibu shughuli. Mkaribishe tu mgeni wetu."

Mama alipanda, akamnyooshea meneja kidole. "Mume wangu hakuwa amelewa," alisema, na hapo hapo kipaza sauti kikazimwa. Aliendelea bila chombo hicho, lakini koo lilikuwa limeshaanza kuugua na sauti haikuvuka safu ya tatu. Meneja, asiyesikia neno, aliona midomo ikitembea na kidole kikimwelekea, akadhani anasifiwa. Akasimama kwa mkongojo wake, akainama, akapiga makofi. Ukumbi mzima ukasimama naye.

Nyumbani mama aliuliza, "Huko nyuma mlisikia?"

"Tulisikia, mama," mdogo wangu akasema.

Mama akamtazama usoni. "Unaigiza vibaya."

Mwezi uliofuata aligunduliwa kuwa na saratani ya koo, na kabla mwaka haujaisha sauti ikakatika. Kamati ilikuja kumjulia hali, ikauliza mbele yake kama siku ikifika jeneza linaweza kuwekwa jukwaani. Alitikisa kichwa kukataa, akageukia ukutani. Ndiyo maana leo hatukupita kule. Alifariki asubuhi ya tarehe 11 Februari 2021, hospitalini, mkono wake ukiwa ndani ya mikono yetu.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watano na dada mmoja. Amemwacha pia meneja, ambaye yu hai na ana afya njema, na ambaye ametuma shada lile kubwa mnaloliona miguuni pa jeneza.

Mungu ampumzishe mama yetu, na amrudishie sauti yake.